Mkono wa Niaba

Sitaeleza tulivyofika Usoni, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na haikuwa na jambo la maana zaidi ya vumbi. Nitaeleza tuliyoyakuta. Wengi niliowasimulia wamenitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazee wanaoanza kuchanganya mambo, basi nimeona niandike kila kitu kama kilivyotokea, bila kutia chumvi.

Mimi naitwa Mhando, bwana mifugo mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kupapasa matumbo ya ng'ombe, na mara nyingine kutia mkono mahali ambapo sitapataja hapa. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwa nini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mpita njia mwingine. Nilikwenda Usoni na dada yangu mkubwa, Mwajabu, mjane wa miaka sitini na mbili. Binti wa marehemu kaka yetu alikuwa anaolewa huko, na sisi ndio tuliobaki wa kumsindikiza. Harusi ilipita salama. Siku ya pili yake dada akaamka anaumwa tumbo.

"Ni pilau tu," alisema.

Kufika alasiri maumivu yalikuwa yameshuka upande wa kulia, chini karibu na nyonga, na homa imepanda. Nilimwomba nimguse kidogo.

"Mimi si ng'ombe, Mhando."

Sikumgusa, lakini nilikwisha kuona anavyotembea, ameinama na kujishikilia ubavu, na nikaogopa. Nilidhani ni kidole tumbo. Kidole tumbo kikicheleweshwa kinapasuka, na kikipasuka mtu hufa. Kwetu ni mwendo wa siku nne. Ilibidi atibiwe hapohapo Usoni, tena upesi.

Sasa niwaeleze watu wenyewe. Wausoni ni watu wapole, wasafi, hawapaazi sauti. Sheria yao kuu, ambayo watoto hufundishwa kabla ya kuhesabu, inasema kwamba mtu ni uso. Kinachoonekana kuanzia kifuani kwenda juu ndicho mtu, na kilichobaki ni mambo ya nyumbani kwake. Sanamu zao zote zinaishia kifuani. Mafundi cherehani wao wanashona kola na mabega ambayo sijaona mfano wake, lakini bwana harusi wetu, kwa heshima zote, chini alikuwa amevaa kaptura iliyotoboka na hana viatu. Hakuna aliyemcheka. Nilipotaka kucheka mimi, dada alinifinya.

Wenyeji wetu walitueleza kwamba daktari haji nyumbani kwa mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayekwenda Nyumba ya Tiba, kwa miguu yake, mwili mzima, wala hatumi mtu. Nilifurahi kusikia neno mwili mzima. Nilisema kumbe watu hawa, pamoja na kaptura zao, wana akili.

Asubuhi tukaenda. Dada alisimama mara sita njiani. Mapokezini alikuwapo karani kijana, jina lake Gwasa, mwenye kola nyeupe kama chokaa.

"Daktari yupo?" nilimuuliza.

"Yupo, mzee."

"Yupo hapahapa?"

"Amefika tangu saa moja. Daktari Kibwe hachelewi."

Tukapelekwa chumba namba tisa. Mlikuwa na kiti kimoja kilichofungwa sakafuni kwa misumari, na mbele yake kioo chenye ukubwa wa sinia, nacho kimefungwa ukutani. Hamkuwa na kitanda. Dada akaketi, mimi nikasimama naangalia mlango, nikimsubiri daktari aingie. Badala yake kioo kikawaka, na ndani yake ukatokea uso wa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mtulivu, amenyolewa vizuri.

"Habari za asubuhi, mama. Mimi ni Daktari Kibwe."

Dada alikitazama kioo, kisha akanitazama mimi. "Huyu nani?"

"Nadhani ndiye daktari, dada."

"Mwambie aje."

"Amekuja, mama," alisema Gwasa kwa upole. "Ndiye huyo."

Nilijipa moyo. Nilidhani daktari yuko mbali, pengine ng'ambo ya milima, na kwamba watu hawa wamefanya ubunifu wa maana ili wagonjwa wasikose huduma. Wakati nawaza hivyo, daktari akakohoa. Kikohozi kilitoka kwanza ukutani, upande wetu wa kushoto, kikavu na cha karibu kabisa. Kisha kikatoka tena ndani ya kioo, safari hii kimelainika.

Nikamgeukia Gwasa. "Yuko chumba cha pili?"

"Namba kumi."

"Tumetenganishwa na ukuta huu mmoja?"

"Huu mmoja."

"Basi ngoja nikamwite."

Gwasa alinizuia mlangoni, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kuvua nguo sokoni. Akanieleza, na maelezo yake nayaandika hapa kama alivyonipa. Zamani madaktari wa Usoni walikuwa wakiwaona wagonjwa wao ana kwa ana. Watu wa milimani tu, kwa sababu ya umbali, walikuwa wakitibiwa kwa kioo, kila mmoja nyumbani kwake, nao walishukuru sana. Kisha Baraza likagundua kwamba hapo hapana usawa. Kwa nini wa mjini apate daktari mzima, na wa milimani apate uso? Likajadili miaka miwili. Kuwapelekea watu wa milimani madaktari kulionekana ni kazi kubwa mno, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba wote wapewe uso.

"Na hao wa milimani?" niliuliza. "Bado wanatibiwa nyumbani?"

"Hapana, mzee. Hilo nalo lilikuwa si haki kwa watu wa mjini, ambao walitakiwa kufika. Siku hizi watu wa milimani wanashuka. Wengine hutembea siku mbili."

"Wanashuka kuja kutazama kioo."

"Wanashuka kuja kuhudumiwa," alinisahihisha.

Naye daktari, kwa kuwa ni mtumishi, lazima naye afike, asije akaonekana anatibu huku amekaa barazani kwake. Hivyo kila asubuhi mgonjwa na daktari wanaingia kwa lango moja, wanaamkiana, mmoja anapinda kulia na mwingine anapinda kulia zaidi, kisha wanakutana kiooni. Niliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuliona jambo hili kuwa la ajabu. Gwasa alisema yapo maoni, na kwamba kundi moja Barazani linadai ukuta hautoshi na vyumba vitengane kwa hatua arobaini.

Wakati wote huo dada alikuwa anagugumia kwa maumivu. Daktari akatabasamu. "Nafurahi kukusikia una nguvu, mama."

"Anafurahia nini?" nilifoka.

Gwasa akanieleza kwamba kioo kinalainisha sauti. Zamani vilio vya wagonjwa vilikuwa vinawachosha madaktari, basi kioo kikatengenezwa kipokee kilio na kutoa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Mgugumio wa dada ulikuwa umefika kule kama mtu anayesafisha koo. Kuta walikuwa hawakuzifikiria, kwa kuwa mgonjwa anayeulizwa maswali tu, bila kuguswa, hana sababu ya kupiga kelele.

Nikatulia, kwa sababu dada alikuwa anahitaji daktari na si mimi wa kugombana. Nikamwambia Daktari Kibwe kwa ufupi kwamba maumivu yako tumboni, kulia, chini, na kwamba anayejua kazi akiweka mkono hapo kwa muda wa kupepesa macho atajua ni nini.

"Naomba nionyeshwe," alisema daktari.

Dada akaanza kuinuka. Kioo kilikuwa usawa wa kichwa chake, na kiti hakisogei. Njia pekee ya kulifikisha tumbo mbele ya kioo ilikuwa kupanda juu ya kiti. Basi mwanamke wa miaka sitini na mbili, mwenye homa, akapanda juu ya kiti huku mimi nimemshika kiuno na Gwasa amefumba macho kwa adabu. Tumbo lilipofika mbele ya kioo, kioo kikazima.

"Mgonjwa ameondoka?" sauti ya daktari iliuliza.

"Niko hapa," alisema dada akiwa karibu na dari.

"Naomba mgonjwa arudi."

Kumbe kioo kisipoona uso huhesabu kwamba hakuna mtu. Dada akashuka, kioo kikawaka, daktari akashukuru kwa kurudi kwetu. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu dada alipoketi alikuwa analia, na nilimwona daktari akitazama karatasi yake kwa aibu. Alikuwa si mtu mbaya. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kifungu, kwamba bila kujua kilichomo tumboni hawezi kuandika barua ya kwenda kwa mpasuaji, na bila barua mpasuaji hapokei mtu.

Hapo nikauliza swali ambalo nilidhani litawanasa. Mpasuaji anapasuaje, ikiwa ni mwiko kumgusa mgonjwa?

"Mpasuaji anamfunika mgonjwa uso," alijibu Gwasa. "Akishafunikwa uso, kisheria hayupo."

Kabla hatujatoka, Gwasa alimletea dada vibao vitano vilivyochongwa nyuso, cha kwanza kinacheka na cha tano kimenuna, ili achague kinacholingana na alivyoridhika na huduma. Dada hakuvitazama. Gwasa akasubiri, kisha akamchagulia cha pili.

Ilibaki njia moja. Sheria ya Usoni inaruhusu, kwa kibali cha Baraza, mgonjwa kupewa Mkono wa Niaba, yaani mtu atakayemgusa kwa niaba ya daktari. Kibali cha mwisho kilikuwa kimetolewa miaka minne nyuma. Nilimwacha dada amelala kwenye mkeka wa wenyeji wetu, midomo imemkauka, nikakimbia kwenda Barazani.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, wameketi nyuma ya meza ndefu ambayo iliwaficha kuanzia kifuani kwenda chini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti tulivu na hereni kubwa za dhahabu. Nilieleza haja yangu kwa maneno machache. Wakaanza.

Mjumbe wa kwanza aliuliza kama kugusa ni aina ya kuona. Kama ni aina ya kuona, basi tayari kuna kioo. Kama si aina ya kuona, daktari anahitaji kugusa kwa nini? Mjumbe wa pili alisema tatizo si tumbo hili moja. Leo ni tumbo, kesho watakuja wenye migongo, na keshokutwa watu watataka kuulizwa wanalalaje. Wa tatu alipendekeza iundwe kamati ya kwenda kuitazama kamati iliyokuwapo.

"Waheshimiwa," nilisema, "mimi natibu ng'ombe. Kwetu ng'ombe akiumwa tumbo anaguswa."

"Na ng'ombe wenu hujisikiaje?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hupona."

"Hatukuuliza kama hupona, mzee wetu. Tumeuliza hujisikiaje."

Nakiri nilipiga meza. Niliwaambia kwamba dada yangu anakufa, na kwamba wao wamekaa hapo wanapimana maneno. Walinisikiliza kwa adabu sana, wakaniletea maji, wakaendelea. Saa sita na nusu wakatoa kibali kwa sharti moja, ambalo Mwenyekiti alilisoma taratibu ili nilielewe: anayejua asiguse, na anayegusa asijue. Mkono ungegusa, lakini haungeruhusiwa kusema kilichohisiwa, kwa sababu kusema ni kutambua ugonjwa, na kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari. Niliuliza basi Mkono una faida gani. Mwenyekiti alisema swali hilo ni zuri, na kwamba liliwahi kuulizwa.

Saa nane tulikuwa tena chumba namba tisa. Dada hakuweza kutembea, nilimbeba mgongoni, na langoni nikamshusha akaingia kwa miguu yake ili ahesabike amefika. Mkono wa Niaba alikuwa mwanamke mtu mzima aitwaye Bi Nyamizi. Alikuwa mkunga enzi za kabla ya kioo. Alipiga magoti chini ya kiwango cha kioo, akasugua viganja vyake mpaka vikapata moto, na akamwomba dada ruhusa kwa macho. Nilipomwona anapasha mikono moto, moyo wangu ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Kioo kikawaka.

"Mkono uwekwe," alisema Daktari Kibwe.

Bi Nyamizi akauweka.

"Umehisi nini?"

"Sina ruhusa ya kuhisi, daktari."

"Ni pagumu au palaini?"

"Sina ruhusa."

Nilikuwa namtazama usoni. Taya lilikuwa limemkaza. Alikwisha kujua, na mimi nikajua kwamba anajua, na daktari upande wa pili wa ukuta ndiye peke yake aliyekuwa hajui na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kujua. Nilitamani kuubomoa ukuta ule kwa meno.

"Mama," daktari akamwambia dada, "maumivu yako, kati ya moja mpaka kumi, ungeyapa ngapi?"

"Mwanangu, njoo uyahesabu mwenyewe."

Daktari akainamisha macho. "Mkono ubonyeze," alisema. Bi Nyamizi akabonyeza, taratibu, mpaka ndani. "Mkono uondolewe."

Kanuni yao inasema mkono uondolewe polepole. Bi Nyamizi aliuachia ghafla. Mimi nimewahi kumfanyia hivyo ng'ombe aliyemeza msumari, na najua anayefanya hivyo anatafuta nini: tumbo lililowaka ndani huuma zaidi mkono ukiachia. Dada yangu, ambaye amezaa watoto watano bila majirani kusikia, alipiga ukelele ambao sitausahau mpaka nakufa.

Kioo kikapokea ukelele ule na kutoa sauti ya mwanamke anayesema "ah".

Daktari hakututazama. Alikuwa ameigeuza shingo kuelekea ukutani, mdomo wazi kidogo.

"Huo ulikuwa mlio gani?"

"Kioo kimesema 'ah', daktari," alijibu Gwasa.

"Sikuuliza kioo."

Dada alikuwa ameuma kanga yake. Daktari akainuka. Tuliona kifua chake kikipanda, kisha mkanda wa kaptura ya rangi ya udongo, kisha kioo kikazima. Gwasa alishika ukuta, akasema kwa sauti ndogo kwamba daktari ameondoka miadini, na kwamba jambo hilo halina fomu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, peku, amevaa koti zuri na kaptura ya kulimia. Alisimama mbele ya dada akiwa hajui pa kuanzia.

"Niruhusu, mama."

"Tangu asubuhi nakungoja," alisema dada.

Bi Nyamizi alimshika kiganja, akakiweka mahali penyewe, naye akajitoa. Daktari akauondoa mkono kama aliyeungua, akaurudisha. Sikumcheka, kwa sababu mara yangu ya kwanza na ng'ombe nilitapika. Kisha kidogo kidogo vidole vikaanza kutafuta, vikapata, vikasimama.

"Kumbe ni moto hivi," alisema. Hakuwa anasema na sisi. "Nimeandika homa miaka tisa. Nilikuwa naandika namba tu."

Barua aliiandika pale sakafuni, juu ya goti lake. Saa tisa dada alifunikwa uso kwa kitambaa cheupe, akawa kisheria hayupo, akapasuliwa. Mpasuaji alinionyesha baadaye alichokitoa. Kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, na aliniambia wazi kwamba kisingefika jua kuzama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, wala sikuona haya.

Siku kumi na mbili baadaye dada alikuwa anatembea, na Daktari Kibwe alikuwa ameshitakiwa. Tuliitwa wote wawili kuwa mashahidi. Baraza lilianza kwa kumsifu Bi Nyamizi kwa kuwa hakusema neno. Kisha mashitaka yakasomwa. Daktari aliacha kiti chake wakati wa miadi. Kwa kuwa uso wake haukuwa kiooni, miadi haikuwa na daktari. Kwa kuwa haikuwa na daktari, mgonjwa alitibiwa na mtu asiyejulikana.

"Mama," Mwenyekiti alimuuliza dada, "nani alikugusa tumbo siku ile?"

"Yule pale."

"Unamtambua kwa uso wake?"

"Uso sikuutazama, mama, nilikuwa naumwa. Namtambua kwa mkono wake."

Wakashauriana, wakaamua kwamba jibu hilo lisiandikwe.

Nilipata nafasi ya kusema, nikaitumia vibaya. Niliwaambia kwamba mtu wanayemshitaki ndiye daktari pekee niliyemwona katika nchi yao, na maneno mengine ambayo dada amenikataza kuyarudia. Walinisikiliza kwa adabu. Maji yakaletwa tena. Saa tano hukumu ikasomwa: Kibwe afutwe katika orodha ya madaktari, na kwa kuwa amependa kugusa, awe Mkono wa Niaba maisha yake yote, aguse na asiseme. Na kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kusikia habari zake na kuleta maombi, kibali kitolewe cha jumla. Mwenyekiti alitia sahihi, akamuuliza kama ana la kusema.

"Naomba nianze leo," alisema Kibwe. "Nje kuna foleni."

Karani wa Baraza aliandika kwamba mshitakiwa hakuonyesha majuto.

Wajumbe wakainuka. Tulikuwa tunakusanya vitu vyetu nilipomwona Mwenyekiti amebaki. Alizunguka meza polepole, na chini ya lile vazi la thamani alikuwa na kanga iliyopauka na ndala. Akamwendea Kibwe, akageuka kuangalia kama kuna mtu, akatuona, na nadhani aliamua kwamba sisi wageni si watu wa kuhesabika. Akainua mkono wa kushoto.

"Kuna uvimbe hapa kwapani," alisema. "Tangu mwaka juzi. Kwenye kioo hauonekani."

Kibwe akapasha viganja vyake moto, kama nilivyomwona Bi Nyamizi akifanya, akagusa. Vidole vikatembea, vikasimama mahali pamoja, vikarudi hapohapo tena. Nilimwona uso unavyobadilika. Nimefanya kazi ile miaka mingi, naujua uso wa namna hiyo.

"Ni nini?" aliuliza Mwenyekiti.

Kibwe akanyamaza.

"Nimekuuliza ni nini."

Kibwe alimtazama tu, na mama yule akamtazama, na hukumu aliyoitia sahihi mwenyewe ilikuwa bado mezani, wino haujakauka. Mama yule alisimama pale na mkono wake juu kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, na nilijikasirikia kwa kumwonea huruma. Mwishowe akaushusha mkono, akarudi kwenye kiti chake, akagonga meza, akawaita wajumbe wote warudi.

Nilimshika dada begani. Nilimwambia sasa ndipo tutaona sheria mbaya ikifa, na kwamba ugonjwa wake haukuwa wa bure. Tukakaa tusubiri. Mjadala ulikuwa mfupi kuliko mijadala yote niliyoishuhudia Usoni. Haukuchukua muda wa kunywa chai. Karani akasimama akasoma kifungu kipya kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kwenye foleni, ambako watu wa milimani walikuwa wameketi chini wameshika viuno na magoti yao. Kilisema kwamba Mkono wa Niaba anaruhusiwa kusema anachohisi, endapo mgonjwa ni mjumbe wa Baraza.

Watu wa foleni walipiga makofi ya adabu. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama, nimevuta pumzi ya kuwaambia ninachofikiri, lakini dada akanikamata mkono.

"Twende zetu nyumbani, Mhando," alisema, "kabla hujaugua wewe."